Mdogo wangu kaandika Facebook kwamba anavutiwa na watoto, sasa yuko kwangu na nina mabinti wawili

SWALI: Shikamoo daktari. Naishi Moshi, Pasua, nina mabinti wawili, wa miaka 6 na wa miaka 9. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 24, alikuwa anakaa Arusha anafundisha tuisheni watoto wa la tatu na la nne. Wiki iliyopita usiku kaandika Facebook kwamba tangu yuko sekondari anajikuta anavutiwa na watoto, hajawahi kumgusa yeyote, na amechoka kukaa na hiyo kitu peke yake. Mpaka asubuhi skrinishoti zimeshafika kwenye magrupu ya wazazi, wameziunganisha na picha aliyopiga na wanangu, wengine wanasema achomwe. Kakimbilia kwangu. Mama yuko Kibosho anasema ni pepo aombewe, mjomba anasema tumtafutie mke yaishe. Mimi nalia tu. Nimfukuze? Nimpeleke polisi? Na hivi alikosea kusema?

JIBU: Marahaba dada yangu. Pole sana, na naomba nianze na leo usiku kabla ya mambo mengine yote. Mdogo wako asilale nyumba moja na wanao. Najua hilo linauma, kwa sababu amekuja kwako kama dada yake na hana pa kwenda, na inawezekana kabisa anachosema ni kweli kwamba hajamgusa mtoto yeyote, ila kumsaidia yeye na kuwalinda mabinti ni kazi mbili tofauti na hiyo ya pili haisubiri hiyo ya kwanza. Mtafutie mtu mzima anayeishi peke yake, kaka, binamu, rafiki wa familia ambaye nyumbani kwake hakuna watoto, akae huko. Ikishindikana kabisa leo, basi mabinti ndo walale kwingine, au walale na wewe chumbani mlango umefungwa, na kesho asubuhi ahame. Usimhamishe kwa matusi. Mwambie wazi, "hutakaa penye watoto mpaka wataalamu wakuone, na mimi siendi popote, nitakuwa nakuletea chakula na nitakusindikiza hospitali". Kama kweli ana nia nzuri atakubali, tena wengi ninaowajua wa aina hii wakiwekewa mpaka unaoeleweka wanapumua. Akikataa, akaanza kukuambia humwamini, humpendi, basi mpaka ndo uzidi kuwa mkali.

Hata mchana asibaki na mabinti peke yake, na ukisikia "peke yake" ujue naongelea nini: hawaogeshi, hawasindikizi shule, habaki nao ukienda sokoni Memorial, hawapakii kwenye boda, hawafundishi homuwaki, hachezi nao gemu kwenye simu yake. Wala usiwafanye watoto ndo walinzi wenyewe kwa kuwaambia "muogopeni anko". Kazi ya kulinda ni ya watu wazima.

Alafu ongea na mabinti. Kaa nao kwa utulivu, sio kwa kuhoji kama polisi, sio huku unalia, na usimtaje anko wao. Waulize kwa ujumla tu, kuna mtu yeyote aliwahi kuwagusa sehemu ambazo nguo ya ndani inafunika, au kuwaonyesha vitu kwenye simu vikawafanya wajisikie vibaya, au kuwaambia wafiche siri asijue mama? Uliza mara moja, sikiliza, usirudierudie maana mtoto akiulizwa mara tano anaanza kutafuta jibu la kukuridhisha. Wakisema hakuna, waambie wakati wowote wanaweza kuja na hutawapiga wala kuwakasirikia. Wakisema kipo, hapo mambo yanabadilika kabisa: waamini, kama ni jambo la karibuni usiwaogeshe wala kufua nguo walizovaa, nenda Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi watakupa PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, na hospitali mfike haraka, ndani ya saa 72 maana dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zikichelewa zaidi ya hapo hazina maana. Kuna namba ya simu 116, ni huduma ya simu kwa mtoto, ni bure, unaweza kupiga wewe au mtoto mwenyewe.

Sasa umeniuliza umpeleke polisi. Sheria zetu zinaadhibu matendo. Kanuni ya Adhabu, baada ya mabadiliko makubwa ya sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, inatoa miaka 30 jela kwa kubaka, na kama mtoto ana chini ya miaka 10 ni maisha. Kusambaza picha za ngono za watoto ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Kuwa na mvuto kichwani bila kutenda chochote, hicho peke yake sio kosa la jinai. Ila Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa serikali ya mtaa pale anapokuwa na taarifa kwamba haki ya mtoto inavunjwa, na mtoto kwenye sheria hiyo ni yeyote chini ya miaka 18, kwa hiyo ukigundua tendo lolote, hata dogo, hata la zamani, huna hiari. Wala usikubali kikao cha ukoo cha kumalizana kwa mbuzi na mbege. Hivyo vikao vimezika kesi nyingi sana huku kwetu Kilimanjaro na Arusha, na watoto walioumizwa wanakua wakikaa meza moja na aliyewaumiza kila sikukuu.

Kwenye hali yako, hata kama hakuna tendo linalojulikana, mimi nakushauri uende mwenyewe kwa afisa ustawi wa jamii, kwa sababu moja kubwa: wale watoto wa tuisheni. Mdogo wako alikuwa anakaa nao kwenye tuisheni, na huenda wazazi hawakuwepo. Wazazi wale wana haki ya kupata taarifa kutoka kwa mtu anayejua namna ya kuzungumza na watoto, sio kutoka kwenye skrinishoti. Afisa ustawi ataweza kuwapigia, kuwaelekeza waulize vipi, na kama kuna mtoto mwenye la kusema atasikilizwa na mtu aliyefundishwa kusikiliza. Na tuisheni imekwisha leo, moja kwa moja, pamoja na sandei skuli, kambi za vijana, kocha wa timu ya watoto na chochote cha namna hiyo. Hata hofu za watu wote zikiisha, hiyo kazi asiirudie tena maishani.

Hapa nataka nikae kidogo maana ndo watu wengi hawajui. Mtu akijiita kitu mtandaoni, hilo bado sio jibu la daktari. Kwenye miongozo ya kutambua magonjwa ya akili tunayotumia sisi, ule wa Marekani uliotoka 2013 na kurekebishwa 2022 na ule wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika 2022, tunaongelea mvuto wa kudumu na mkali kwa watoto ambao hawajabalehe, na ule wa Marekani unataka mhusika awe na angalau miaka 16 na amzidi mtoto kwa miaka 5 au zaidi. Mawazo ya siku mbili tatu hayatoshi. Tena kuna watu, na mimi nimewaona wengi kuliko hao wengine, ambao wana ugonjwa wa mawazo yanayojirudia kwa nguvu, wazo linakuja "je kama mimi ni mtu wa kudhuru watoto?" na mtu linamtisha mpaka anatetemeka, anakwepa watoto wote, anajichunguza kutwa, hali chakula, na hana mvuto wowote kwa mtoto, anachoumwa ni hofu. Huyo naye anaweza kuandika posti ileile ya mdogo wako neno kwa neno. Tiba ya huyu na ya yule ni tofauti kabisa, ukimtibu huyu kama yule unamharibu. Na wapo ambao wenyewe waliumizwa utotoni na hawajui waseme vipi. Ndo maana kabla familia haijaamua yeye ni nani, aonwe na daktari wa afya ya akili. Moshi mnazo hospitali za KCMC na Mawenzi, Arusha kuna Mount Meru. Usitafute kliniki yenye bango la jina la tatizo lake. Nenda idara ya afya ya akili, mwombe daktari mkae faragha, alafu yeye mwenyewe aseme yote kama alivyosema Facebook. Ajue pia kwamba siri ya chumba cha daktari ina mpaka, akisema kuna mtoto yuko hatarini au ameumizwa, daktari atachukua hatua.

Ikithibitika kwamba mvuto upo kweli? Hakuna dawa ya kuufuta, na mtu akikuahidi kuufuta kwa sindano, mizizi au maombi ya siku saba anakudanganya. Kinachowezekana ni mtu kujifunza kuuongoza mwenendo wake, na hilo linafanyika sehemu mbalimbali. Ujerumani, hospitali ya Charité kule Berlin ilianza mwaka 2005 mpango wa kuwatibu wanaume wenye mvuto huu waliokuja wenyewe kwa hiari ili wasiumize mtoto, na ukaja kuenea miji mingine. Wanakaa vikao vya mazungumzo, wanajifunza kutambua mazingira yanayowaweka karibu na hatari, wanavunja zile hadithi wanazojipa kama "mtoto mwenyewe anapenda", na baadhi wanapewa dawa za kupunguza hamu. Sweden walifanya utafiti uliotoka 2020, wanaume 52, nusu walipewa dawa inayoshusha homoni ya kiume na wengine dawa bandia, na ndani ya wiki mbili waliopata dawa halisi viashiria vya hatari vilikuwa vimeshuka zaidi. Dawa ya namna hiyo ina madhara yake na inataka daktari anayefuatilia kwa karibu, sio ya kuagiziana mtaani. Ila naisema ili mama yako aelewe kwamba kati ya pepo na jela kuna kitu kinaitwa tiba.

Sasa je alikosea kusema? Kusema kwa mtu, hapana. Kusema pale aliposema, ndiyo, na sababu yangu sio aibu ya ukoo. Alipoandika kule watu elfu kadhaa wakajua kwa usiku mmoja, ila hakuna hata mmoja kati yao mwenye kazi ya kumtibu wala mwenye uwezo wa kumhamisha alipo na watoto. Kilichotokea ni hasira, na hasira ile naielewa kabisa. Utafiti wa kitaifa wa 2009 kuhusu ukatili kwa watoto ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 hapa Tanzania walipitia ukatili wa kingono kabla ya miaka 18, na wavulana ni karibu 1 kati ya 7. Kwa hiyo kwenye lile grupu la wazazi lenye watu mia, wanawake wengi waliokuwa wanaandika "achomwe" inawezekana walikuwa wanamjibu mtu mwingine kabisa, mjomba fulani, mwalimu fulani, wa miaka 20 iliyopita ambaye hakuna aliyemuuliza chochote. Usigombane nao, na usiwaambie wanamwonea.

Lakini kelele za namna ile hazilindi mtoto. Uingereza mwaka 2000 gazeti moja lilianza kutoa majina na picha za watu waliowahi kufungwa kwa makosa ya kingono dhidi ya watoto, watu wakaingia barabarani, kule Paulsgrove mjini Portsmouth umati ukashambulia nyumba usiku baada ya usiku, na familia ambazo hazikuhusika na lolote zikakimbia makwao. Wakati huohuo kule Wales daktari wa watoto akakuta nyumba yake imechorwa maneno ya kumshutumu, watu wamechanganya jina la kazi yake kwa Kiingereza, paediatrician, na jina la tatizo, paedophile. Na Marekani mwaka 2015 mwanaume mmoja aliandika makala kama ya mdogo wako, kwa jina lake, kwamba anavutiwa na watoto na hajawahi kumdhuru yeyote, akamiminiwa vitisho, na mwaka 2017 jarida la mtandaoni lililoichapisha likaja kuiondoa. Mwingine mwenye shida ileile anayesoma hayo yote anajifunza kitu kimoja tu: nyamaza. Na anayenyamaza anabaki peke yake na simu yake na watoto wa jirani, hakuna anayejua.

Kuna jambo jingine zito zaidi. Wataalamu wanaofanya kazi na wafungwa wa makosa haya wanaona kwamba ni karibu nusu tu ya waliodhuru watoto ndo wana mvuto wa namna hii. Waliobaki ni watu wa kawaida, wana wake, wana michepuko, walimdhuru mtoto kwa sababu alikuwa karibu, hana mtetezi, au wao walikuwa wamelewa. Mtaa ukishamfukuza mdogo wako ukalala ukijua sasa tuko salama, yule mwingine bado yupo na bado anaaminika.

Upande wa mtandao fanyeni hivi. Kabla ya kufuta chochote, piga skrinishoti za vitisho vyote, jina, tarehe na saa vionekane. Alafu afunge akaunti. Asijibu komenti hata moja, asiende laivu kujieleza, asiandike posti ya pili ya kufafanua, kila neno atakaloongeza litakatwa na kusambazwa upya. Vile vitisho vya kumchoma vipelekeni polisi, unyanyasaji wa mtandaoni ni kosa, sheria ya 2015 inasema faini isiyopungua milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3 au vyote. Lakini la kwanza kabisa ni ile picha ya wanao, hiyo ndo inaniuma mimi kuliko yote. Sura za watoto wawili wasiojua chochote zinazunguka Moshi na Arusha na maneno yale chini yake. Waandikie maadmini wa magrupu, mmoja mmoja, kwa adabu, "hawa ni wanangu, naomba mfute picha yao", usitetee mtu mwingine kwenye ujumbe huo. Wengi watafuta. Ripoti pia Facebook kwenyewe. Na nenda shuleni kwao uongee na mwalimu mkuu kabla watoto hawajaanza kuulizwa na wenzao.

Kuna na yale magrupu mengine ya mtandaoni ambayo yatamtafuta yeye sasa hivi, kwa sababu kajitangaza. Watamwambia pole, watamwambia sisi tunakuelewa, na baadhi yao polepole watamwambia kwamba mtoto anaweza kukubali na kwamba sheria ndo mbaya. Mtoto hawezi kukubali. Mwambie hivyo kwa sauti, na akikutana na mtu anayesema tofauti aondoke hapo siku hiyohiyo.

Mjomba wako mwambie kwa heshima zote kwamba suala la mke halipo. Ndoa haiondoi mvuto, na kinachofuata ni nyumba yenye watoto ndani, na mara nyingi mwanamke anayetafutwa kwa haraka ni yule aliyeachwa na ana watoto wake tayari, ambaye hataambiwa ukweli. Huo ni ukatili kwa mwanamke na kwa watoto wake. Mama akitaka kuomba aombe, mchungaji au padre akitaka kumtembelea amtembelee, mtu akiwa kwenye giza hivi anahitaji kuombewa pia, ila maombi ya usiku kucha ya kumkemea hadharani mbele ya kanisa yatamfanyia kilekile Facebook ilichomfanyia.

Na Desemba inakuja. Unajua sisi tukipanda nyumbani, Kibosho, Machame, Rombo, watoto wa ukoo wote wanatandikiwa magodoro chumba kimoja, ishirini, thelathini, wakubwa wako nje na nyama na mbege mpaka usiku wa manane, hakuna anayejua mtoto gani yuko wapi. Mwaka huu asipande. Na watu wazima wawili watatu wa ukoo wenye akili timamu wajue kwa nini, sio wote, wale watakaoangalia watoto hata usipokuwepo. Ningependa hata bila suala la mdogo wako mpange zamu ya watu wazima kukaa karibu na chumba cha watoto, kila mwaka.

Mwisho, yeye mwenyewe. Mtu aliyeandika usiku kwamba amechoka, alafu akaamka dunia nzima inataka afe, yuko kwenye hatari kubwa ya kujiua siku hizi. Muulize wazi, "unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpi wazo ambalo hana. Anayekaa naye aondoe dawa za kuulia wadudu, kamba, vidonge vilivyobaki, asimwache peke yake usiku, na akisema ndiyo au akianza kuaga watu na kugawa vitu vyake, msisubiri miadi, mpelekeni dharura usiku huohuo. Kesho asubuhi wewe anza na hospitali, wewe na yeye, alafu ukitoka hapo uende ustawi wa jamii na orodha ya wale watoto wa tuisheni, majina ya wazazi na namba zao za simu, ambayo yeye mwenyewe ataiandika kwa mkono wake leo kabla hajalala.